Siku 300 za Mkanda Mweusi

Mwaka 2024 nilialikwa katika shule moja ya upili mjini Kitale kuwazungumzia wanafunzi juu ya uandishi wa insha. Nilipomaliza niliruhusu maswali. Mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyejitambulisha kuwa mkazi wa Kipsongo, akasimama, akafunga vifungo vya sweta yake, na kuuliza swali ambalo halikuwa na uhusiano wowote na insha: "Mwalimu, mtu huchukua muda gani kupata mkanda mweusi wa aikido?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami, badala ya kumjibu kama inavyostahili mtu aliyeuliza kwa dhati, nilicheka pamoja nao, nikasema, "Miaka mingi, kijana," nikaendelea na swali lililofuata.

Jibu hilo lilikuwa la uvivu, na limenikera tangu siku hiyo. Baadaye mwalimu wake wa darasa alinieleza kilichokuwa nyuma ya swali lile. Kijana alikuwa ametazama sinema kuukuu ya Steven Seagal, "Above the Law" ya mwaka 1988, katika kibanda kimoja cha video, akavutiwa na jinsi mtu mmoja awezavyo kumwangusha mwingine pasipo kumpiga ngumi. Tena alikuwa amekutana na mtu fulani mjini aliyemwahidi kwamba angempa mkanda mweusi kwa miezi mitatu, mradi tu alipe ada. Mwanafunzi huyo alikuwa akiweka akiba ya vijisenti alivyopata kwa kuokota na kuuza vyuma kuukuu siku za Jumamosi. Alipouliza swali lake, basi, hakuwa akifanya mzaha. Alitaka kujua kama alikuwa akidanganywa. Nami, mgeni wa heshima, nikamwacha hivyo hivyo na shaka yake.

Kwa wale wasioijua Kipsongo, huu ni mtaa ulio katika mji wa Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia, ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa vibanda vyake vya nailoni, makatoni na magunia. Wengi wa wakazi wake ni watu wenye asili ya Turkana, ambao wazazi na babu zao waliteremka kutoka kaskazini wakikimbia ukame na wizi wa mifugo, wakaja kutafuta riziki katika mji uliozungukwa na mashamba makubwa ya mahindi. Ni kinaya kikubwa kwamba katika ghala la chakula la taifa letu kuna watoto wanaookota punje zilizomwagika kutoka kwenye malori. Watoto hao hupewa jina la chokoraa, na wanaolitamka jina hilo mara nyingi hawajui jina lingine la mtoto huyo. Kwa mtoto kama huyu, muda si kitu cha kuzungumziwa ovyo. Siku moja aliyoitumia mahali fulani ni siku moja ambayo hakuleta kitu nyumbani.

Kwa hiyo swali lake linastahili jibu lenye hesabu ndani yake.

Aikido ni sanaa ya kujihami iliyoasisiwa na Mjapani Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno matatu: la kwanza lina maana ya kupatanisha au kuunganisha, la pili ni nguvu ya uhai, na la tatu ni njia. Anayeshambuliwa hashindani kwa nguvu na anayemshambulia. Hujisogeza kando, huufuata mwendo wa adui, humshika kifundo cha mkono au kiwiko, na kumzungusha hadi apoteze mizani. Ueshiba hakupenda mashindano, na katika chama kikuu cha aikido duniani, Aikikai cha mjini Tokyo, hakuna medali wala bingwa. Mwanafunzi wake mmoja, Kenji Tomiki, alianzisha tawi lenye mashindano, lakini hilo ni tawi. Kwa walio wengi, njia pekee ya kupimwa ni mtihani wa daraja.

Na madaraja hayo yana hesabu iliyoandikwa waziwazi. Kwa kanuni za Aikikai, anayeanza hufanya mtihani wa kyu ya 5 baada ya siku 30 za mazoezi. Kisha hutakiwa siku nyingine 40 kabla ya kyu ya 4, siku 50 kabla ya kyu ya 3, siku 50 tena kabla ya kyu ya 2, na siku 60 kabla ya kyu ya 1. Baada ya hapo sharti azidishe siku 70, na awe ametimiza umri wa miaka 15, ndipo aruhusiwe kuutahiniwa mkanda mweusi wa daraja la kwanza, yaani shodani. Jumlisha mwenyewe, msomaji: ni siku 300.

Naomba walimu wenzangu wazingatie kinachohesabiwa hapa. Kanuni haisemi miaka mitatu, wala haisemi ada ya kiasi fulani. Yasema siku ambazo mwanafunzi alivua viatu, akainama kusalimu, akapanda kwenye mkeka na kufanya kazi. Mtu aweza kuwa mwanachama wa klabu kwa miaka kumi na akawa bado hajatimiza siku 300. Mwingine anayefanya mazoezi siku sita kwa juma aweza kuzitimiza kwa majuma 50, yaani kabla ya mwaka kwisha. Afanyaye mara mbili kwa juma bila kukosa atahitaji takriban miaka mitatu, na afanyaye mara moja tu, karibu miaka sita. Tena hicho ni kiwango cha chini kabisa. Vyama vingi vya Ulaya na Marekani huongeza siku juu ya hizo, hata ikawa jambo la kawaida kumkuta mtu aliyesota miaka mitano, sita au zaidi kabla ya kufunga mkanda mweusi.

Sasa tumrudie kijana wetu. Kalenda ya shule zetu ina takriban majuma 39 ya masomo kwa mwaka. Endapo shule yake ingekuwa na mazoezi mara mbili kwa juma, angepata siku 78 kwa mwaka, na kwa miaka minne ya shule ya upili angepata siku 312. Siku 300 zingeenea ndani ya masomo yake ya sekondari, na zingebaki 12 za kuugua malaria, za kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, au za kumsaidia mama wakati wa mavuno. Kijana yule yumo katika kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Wadogo zake walioingia sekondari ya juu tangu Januari 2026 wana miaka mitatu tu. Kwao, mara mbili kwa juma ni siku 234, pungufu ya siku 66. Itabidi mara tatu kwa juma, na hapo watapata 351. Hili ndilo jibu ambalo ningepaswa kumpa, na lingechukua dakika mbili ubaoni.

Kuna uvumi unaorudiwa katika kumbi nyingi za mazoezi kwamba zamani mkanda ulianza ukiwa mweupe, ukapata uchafu na jasho mwaka baada ya mwaka hadi ukawa mweusi wenyewe. Ni hadithi tamu, lakini si kweli. Mkanda mweusi ulitiwa rangi kwa makusudi, na aliyeleta utaratibu huo alikuwa mwalimu wa shule. Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860, alianzisha mchezo wa judo na chuo chake cha Kodokan mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliongoza Chuo cha Ualimu cha Tokyo. Mwaka 1883 aliwapa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, daraja la kwanza la dani, akilikopa wazo la madaraja kutoka kwa wachezaji wa mchezo wa bao uitwao go. Mkanda mweusi ulifuata miaka michache baadaye. Aikido iliurithi utaratibu huo, na watu hawa wawili walijuana: mwaka 1930 Kano alikwenda kumtazama Ueshiba akifundisha, akavutiwa mno hata akamtuma mwanafunzi wake Minoru Mochizuki akajifunze kwake.

Na neno shodani lina maana gani? Ni daraja la mwanzo. Wajapani hawamhesabu mwenye mkanda mweusi kuwa gwiji. Wanamhesabu kuwa mtu aliyemaliza kujifunza irabu na konsonanti, na sasa aweza kuanza kusoma. Ndiyo maana huko kwao mkanda wa kwanza wa judo, na kule Korea ule wa taekwondo, waweza kupatikana kwa mwaka mmoja au miwili na jirani asishangae. Ni sisi tulio mbali tulioufanya mkanda kuwa sanamu ya kuabudiwa. Baada ya shodani, kanuni za Aikikai zadai mwaka mzima na siku 200 kabla ya dani ya 2, miaka miwili na siku 300 kabla ya dani ya 3, miaka mitatu na siku 400 kabla ya dani ya 4. Anayeacha mazoezi baada ya kupata mkanda mweusi ni kama mwanafunzi aliyepata cheti cha kujua kusoma, akakitia katika fremu, asisome kitabu hata kimoja.

Je, nchi yetu haiwajui watu wa namna hiyo? Tunawajua sana. Mwaka 2015 watahiniwa waliopata alama ya A katika mtihani wa KCSE walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, baada ya bodi ya Baraza la Mitihani kuvunjwa na mianya ya wizi kuzibwa, waliopata alama hiyo walikuwa 141. Sitaki kusema kwamba kila aliyepata A mwaka 2015 aliiba, maana nina hakika wengi walisoma hadi macho yakawawasha. Lakini pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa ukungu wa mawazo peke yake. Tena mnamo Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wake ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 bandia miongoni mwa wafanyakazi wa umma. Hao walikuwa wamejifunga mikanda mieusi ya miezi mitatu, na walikuwa wameketi ofisini wakituhudumia mimi na wewe.

Yule mtu aliyemwahidi kijana wa Kipsongo mkanda wa haraka, kwa hiyo, hakuzuka kutoka hewani. Amejifunza biashara yake kwetu. Mtoto akiona kwamba cheti hununuliwa, kwa nini asiamini kwamba mkanda nao hununuliwa? Walakini kuna tofauti moja ambayo kila mwalimu wa michezo ya kujihami aijua. Cheti bandia chaweza kukaa kabatini miaka ishirini pasipo kumwaibisha mwenyewe. Mkanda bandia huumbuka pindi mwenzako akushikapo mkono. Mafunzo ya mwanzo ya aikido si kumwangusha mtu bali ni kuanguka mwenyewe: kujiviringisha begani, kulipiga mkeka kwa kiganja, kuamka ukiwa umetulia. Siku 30 za kwanza karibu zote ni kuanguka. Mwili ambao haukuanguka mara mia kadhaa ukiwa salama utavunjika ule mfupa wa shingo mara ya kwanza utakapotupwa kwa nguvu. Anayeuza mkanda kwa miezi mitatu anauza ajali.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema kwamba kilichobaki ni kumhubiria kijana subira. Subira ipo Kipsongo tele. Mama anayengoja tangu alfajiri nje ya lango la shamba akitumaini kupata kibarua hahitaji kuhubiriwa subira na mwandishi wa magazeti. Kisichokuwepo ni siku. Siku 300 zataka paa lisilovuja, mkeka, mwalimu anayefika saa ile ile, na tumbo lenye kitu. Mkeka usiwe hoja kubwa sana, kwani nimeona vijana wakishona magunia, wakayajaza maranda ya mbao na kuyafunika kwa turubai, na wakaanguka juu yake bila kuumia. Walimu ndio shida. Waalimu wa aikido nchini ni wachache mno wakilinganishwa na wale wa karate na taekwondo, na mtihani wa shodani wataka mtahini mwenye daraja la juu linalotambuliwa, pamoja na ada ya kusajiliwa Tokyo. Nitakuwa mnafiki nikimwambia kijana kwamba siku 312 za shuleni zamtosha ilhali hakuna wa kumfundisha hata siku moja kati ya hizo.

Lakini tusiseme haiwezekani. Ethiopia, katika mji wa Awassa, vijana waliokuwa wakifanya maigizo na sarakasi walianza kufundishwa aikido kwa msaada wa Donald Levine, msomi wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyeandika sana kuhusu historia ya nchi hiyo na ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa sanaa hiyo. Levine alifariki mwaka 2015, lakini wenyeji walikwisha kupata mikanda yao na kuwa walimu. Na hapa karibu, safari fupi kutoka Kitale, Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopo Bungoma kilimtoa Faith Ogallo, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla ya kugeukia taekwondo. Februari 2020 alifuzu mjini Rabat, na mwaka 2021 akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Taekwondo ina bahati ya kuwa mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 2000, kwa hiyo ina medali za kutafutwa na wakubwa wa kupiga nao picha. Aikido haina hilo, na pengine ndiyo sababu haitapata kamwe fungu katika bajeti. Mtu asiyeshindana hana wa kumshangilia uwanjani.

Binafsi naona hiyo ndiyo sababu ya kuipenda katika eneo letu. Trans Nzoia na Mlima Elgon yameonja mapigano ya mwaka 1992 na yale ya 2008, na walioshika silaha wengi walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wetu. Sanaa inayomfundisha kijana kumshika anayemshambulia bila kumvunja, na kumwinua tena baada ya kumwangusha, si anasa mahali kama hapa. Mfumo mpya wa elimu umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, nao wajivunia kumpima mtoto kwa umilisi badala ya kukariri. Hakuna mtihani wa umilisi ulio wazi zaidi ya huu wa mkekani. Wizara isiishie kwenye kandanda na riadha, ambazo tayari zina wenyewe. Kama walimu wa aikido hawapo, basi tuanze na judo au karate, kwa sharti lile lile la kuhesabu siku katika daftari, jina kwa jina, na kutomtahini yeyote ambaye hazijatimia. Daftari hilo likae ofisini kwa mwalimu wa michezo, mzazi yeyote alione.

Na gharama ya siku zenyewe? Kikombe cha uji baada ya mazoezi kingetosha kumfanya mtoto wa Kipsongo asione kwamba saa mbili za jioni zimemwibia chakula cha usiku. Serikali ya kaunti iliyo katikati ya mahindi haiwezi kudai kwamba unga umeikosa.

Nilirudi katika shule ile mwanzoni mwa muhula uliofuata. Kijana hakuwa amempa mtu yule fedha zake. Mwalimu wake wa darasa alimkataza, naye akatii ingawa kwa shingo upande. Nilimwandikia hesabu yote katika karatasi: 30, 40, 50, 50, 60, 70. Aliisoma kimya, akajumlisha kwa vidole, kisha akaniuliza mazoezi yangefanyikia wapi. Nikamwonyesha ukumbi wa shule, wenye sakafu ya mbao na madirisha mazima. Akaniambia ukumbi huo hufungwa saa kumi na nusu kila jioni, na ufunguo hukaa kwa bawabu.